Dainamo ya mzee

Wadau, Land Rover ya mzee, Series IIA ya 1965, imegoma kuchaji. Fundi kafungua dainamo, Lucas C40: kaboni zimelika, komyuteta imechimbika. Akasema tutupe, tufunge oltaneta. Ana hoja. C40 inatoa ampea 22 tu, na kwenye foleni, injini ikiunguruma taratibu, haitoi karibu kitu, taa zinafifia. Lakini gari hili ni lile la chanya kwenye bodi, kwa hiyo oltaneta ya kawaida ingetaka tugeuze betri kwanza. Nikakataa. Mzee macho yamempotea, gari lake analijua kwa mlio, na dainamo ina mvumo wake. Komyuteta imeshachongwa, kaboni mpya zimepatikana (bei msiniulize!). Kesho tunafunga, yeye atakaa mbele.