Siku tatu Wasini, kisiwa kisicho na barabara ya gari

Neno likizo likitajwa katika nyumba nyingi za mjini, mawazo ya watu hukimbilia mambo mawili. La kwanza ni hoteli ya ufuoni, ambako mtu hulipa pesa nyingi alale kando ya kidimbwi cha kuogelea ilhali bahari yenyewe iko hatua ishirini mbele yake. La pili ni safari ya mashambani kwa babu na nyanya.

Lakini ipo njia ya tatu, iliyo nafuu na yenye mafunzo mengi kwa watoto. Nayo ni kumtembelea rafiki kwao, ukala anachokula, ukalala anapolala, na ukaitazama nchi yake kwa macho yake.

Ndivyo tulivyofanya mimi, mke wangu na watoto wetu wawili katika likizo ya shule ya mwezi wa Agosti. Rafiki tuliyesoma naye chuoni, ambaye sasa ni mwalimu, alikuwa ametualika kwao Wasini mara nyingi. Safari hii tuliitikia mwaliko.

Njia ya kufika

Wasini ni kisiwa kidogo katika kaunti ya Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukishavuka Likoni unashika barabara kuu ya Lunga Lunga. Unapita Ukunda, kisha Msambweni, kisha Ramisi, mji uliojulikana sana kwa kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988. Mbele kidogo, mahali panapoitwa Kanana, unaacha barabara kuu na kupinda kushoto hadi Shimoni. Kutoka Mombasa hadi hapo ni karibu kilomita 80.

Shimoni lilipewa jina kutokana na pango kubwa la mawe ya matumbawe lililo karibu na gati. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingojea kupakiwa majahazini. Pango hilo linasimamiwa na wanakijiji wenyewe, na ada ya kuingia husaidia mahitaji ya kijiji. Msomaji aendaye na watoto asipapite. Ndani mna giza, popo na mizizi ya miti iliyoshuka kutoka juu, na watoto wetu ambao huwa hawaishi maswali walinyamaza kimya.

Kutoka gatini Shimoni, mashua ya mashine huchukua yapata robo saa kuvuka mkondo hadi kisiwani. Ukiteremka tu unatambua kuna kitu kinachokosekana, na hukitambui mara moja. Ni sauti ya magari. Hakuna barabara. Kuna vijia vyembamba kati ya nyumba za mawe na za udongo, mibuyu mikubwa, mbuzi, kuku, na watoto wanaokimbia bila mtu kuwapigia kelele waangalie gari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Mamake rafiki yetu alitupokea mlangoni. Watoto wetu, ambao nyumbani husema "hai" kwa kila mtu, walikuwa wamefundishwa njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni, karibuni kitako."

Tangu hapo hawakuwa wageni tena. Asubuhi walikula mahamri na mbaazi pamoja na watoto wa nyumba, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, na jioni waliketi barazani kusikiliza mazungumzo ya watu wazima kama walivyofanya wenzao.

Wenyeji wa hapa ni Wavumba. Wana lahaja yao ya Kiswahili iitwayo Kivumba, ambayo msemaji wa Kiswahili cha shuleni huifuata kwa kutega sikio vizuri. Wazee wao walitoka Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa bara upande wa mpakani, ambao watawala wake walijulikana kwa cheo cha Diwani. Mtu akidhani kisiwa hiki ni kijiji cha wavuvi tu, na aende akayaone makaburi ya kale yaliyo hapo.

Jambo lililowashangaza zaidi watoto wetu lilikuwa maji. Kisiwa ni mwamba mtupu wa matumbawe, hakina mto wala kijito. Kwa vizazi vingi watu wametegemea mvua, wakiyakinga maji ya paa na kuyaweka katika mabirika, na mengine kuyaleta kwa mashua kutoka bara. Mjini mtoto hufungua mfereji akaenda zake kutafuta sabuni. Wasini mtoto wa miaka sita anajua kata moja inatosha nini. Hakuna aliyewahubiria watoto wetu juu ya hilo. Waliona tu wenzao wakifanya, nao wakafanya.

Bustani ya mawe

Nyuma ya kijiji kuna mahali pa ajabu. Ni uwanda mpana wenye mawe ya matumbawe yaliyosimama kama watu, mengine yamechongoka na mengine yametobolewa na maji. Wataalamu wanasema miamba ya namna hii katika pwani yetu ilijengwa chini ya bahari yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo sasa. Bahari ilipopungua, miamba ikabaki nje.

Maji ya bamvua yanapojaa, bahari hurudi ikazunguka mawe hayo. Yakipwa, unaona kaa wadogo wakikimbilia mashimo yao katika tope la mikoko. Kikundi cha wanawake wa kijiji kimejenga daraja la mbao linalopita juu ya mahali hapo, ili mgeni asikanyage kitu. Hutoza ada ndogo, na fedha hizo hutumika katika mambo ya kijiji kama vile masomo ya watoto.

Mama mmoja wa kikundi hicho aliwaeleza watoto habari za mkoko. Aliwaonyesha mizizi yake iliyosimama kama miguu ya buibui, akasema humo ndimo samaki wadogo wanamojificha wasiliwe na wakubwa. Ukikata mkoko kwa sababu ya kuni, alisema, umekata na kitoweo cha mwaka ujao.

Safari ya Kisite

Siku ya pili tuliamka alfajiri twende Kisite. Hili ni eneo la bahari lililotengwa na serikali mwaka 1978 pamoja na hifadhi ya Mpunguti iliyo karibu nalo. Kisite lina ukubwa wa kilomita 28 za mraba na Mpunguti kilomita 11. Katika Kisite hakuna ruhusa ya kuvua kabisa. Katika Mpunguti wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa njia za jadi. Shirika la Wanyamapori (KWS) ndilo linalosimamia, na kila mgeni hulipa ada.

Agosti ni wakati wa upepo wa kusi, na mashua yetu ilipanda na kushuka. Mke wangu alishika ubao kwa mikono miwili. Lakini tulipovipita visiwa vya Mpunguti, nahodha alipunguza mashine ghafla akanyoosha kidole. Pomboo! Walikuwa kama wanane, migongo yao ikichomoza na kuzama, na mmoja alikuwa na mtoto ubavuni. Nahodha hakuwafuata. Alisema pomboo akifukuzwa leo, kesho hatakuja. Basi tukakaa, na wao wenyewe wakapita karibu yetu.

Kati ya Julai na Septemba nyangumi nao hupita maji haya wakitoka bahari za baridi kali za kusini kuja kuzaa. Sisi hatukubahatika kuwaona.

Kisite penyewe ni kisiwa kidogo cha jiwe katikati ya bahari, makao ya ndege. Tulivaa miwani ya kuzamia tukaingia majini karibu na mashua. Msomaji, kuna mambo ambayo picha ya televisheni haiwezi kuyaleta nyumbani. Maji ni kama kioo. Chini yako kuna matumbawe ya kila umbo, na katikati yake pono wakitafuna mwamba kwa midomo yao kama ya kasuku, chewa wakivizia pangoni, na samaki wadogo wa manjano na buluu wasioogopa mtu. Kifunguamimba wetu aliona kasa akipita chini yake. Alipanda mashuani akitetemeka kwa baridi na furaha.

Mazungumzo ya barazani

Jioni hiyo mzee mmoja, jirani wa wenyeji wetu, alikuja kupiga gumzo. Amekuwa mvuvi tangu utotoni. Tulipomsifia uzuri wa Kisite alicheka kidogo, akasema yeye anaujua kabla ya sisi. Alipokuwa kijana alikuwa akienda huko kuvua na babake.

Alituambia kwamba bahari ilipowekewa mipaka, walioumia kwanza ni watu wa ngalawa. Fungu lililolisha nyumba zao likawa si lao tena. Mwenye mashine alienda mbali zaidi. Asiye na mashine alibaki kugombea maji ya karibu pamoja na wenzake. Kisha watalii wakaanza kuja, lakini wengi wao wakija asubuhi kutoka mahotelini na kurudi jioni, na kisiwa kikabaki kuona moshi wa mashua tu.

Hata hivyo, mzee huyo hakuwa mtu wa kulaumu tu. Alisema samaki hana mpaka. Akikulia Kisite hutoka akaja kuvuliwa nje. Bila ya mahali pa kukulia, alisema, huenda hata hicho kidogo kisingepatikana. Anachotaka ni kwamba mtu aliyeinyima nyumba yake kwa ajili ya bahari naye afaidike.

Maneno yale yalinifanya nifikiri upya juu ya neno ambalo sisi waandishi hupenda kulitumia, kwamba mahali fulani "hapajaharibiwa." Tunalisema kana kwamba pamejikalia tu penyewe, mbali na watu. Wasini si hivyo. Mikoko imesimama kwa sababu kuna mama aliyekwenda mbali zaidi kutafuta kuni. Samaki wa Kisite ni wengi kwa sababu kuna mvuvi aliyepitisha ngalawa yake hapo bila kutupa mshipi. Uzuri ule una wenyewe, nao wameugharamia.

Aidha, si kila adui huja kwa mashua. Tumbawe ni makao ya viumbe wadogo wanaoishi pamoja na mwani usioonekana kwa jicho, ambao huwapa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani huo hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Joto lisipopungua, hufa. Mwaka 1998, wakati wa El Nino, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikufa hivyo. Jambo la kutia moyo ni kwamba wanakijiji wa Wasini, wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi, KMFRI, wamekuwa wakipandikiza vipande vya matumbawe chini ya maji kama mkulima apandavyo viazi vitamu. Ni kazi ya subira, kwa maana tumbawe hukua polepole mno.

Ukitaka kwenda

Siku ya tatu tulitembea kwa miguu hadi Mkwiro, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa. Njia hupita katika vichaka na juu ya mawe makali, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ngumu, na uondoke asubuhi kabla jua halijawa kali. Kisiwa kizima kina urefu wa yapata kilomita 5, hivyo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza.

Kama huna rafiki Wasini, usivunjike moyo. Mna nyumba za wageni za wenyeji. Uliza Shimoni au kisiwani, na mapatano ya bei yafanywe kabla ya kupanda mashua. Mambo machache yafaa kukumbukwa.

Vaa kwa heshima kijijini. Hawa ni Waislamu, na nguo za kuogelea ni za baharini tu. Akina mama wasisahau leso.

Usiende mikono mitupu ukiwa mgeni wa mtu. Udongo wa kisiwani ni haba, kwa hiyo mboga, viazi na matunda kutoka bara hupokewa kwa furaha kuliko biskuti.

Baharini usisimame juu ya tumbawe wala usiling'oe. Usinunue makombe wala magamba ya kasa, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku katika mbuga na fuo zilizohifadhiwa, basi beba chupa yako ya kujaza maji.

Zaidi ya yote, angalia pesa zako zinaingia mfuko wa nani. Chukua nahodha wa hapo hapo. Kula kwa mama wa hapo hapo. Lipa ada ya daraja la wanawake bila kuomba upunguziwe. Mzee yule wa barazani hakuomba msaada wa mtu. Alitaka tu mgeni anayekuja kufurahia bahari yake ajue kwamba kuna aliyekuwa akiitunza kabla hajafika, na atakayebaki akiitunza baada ya yeye kwenda zake.