Korongo wa Sonatubes

Anayeunda sanamu kubwa la kubebwa hawezi kukwepa hesabu moja. Ukilikuza mara mbili kwa urefu, upana na kina, nalo limejaa ndani, uzito wake unakuwa mara nane. Likiwa ganda tupu la unene uleule, unakuwa mara nne tu. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hawaulizi waongeze nini. Wanauliza kipi kitoke na umbo libaki limesimama. Little Amal, mwanasesere wa msichana mkimbizi aliyetembezwa mwaka 2021 kutoka Uturuki hadi Uingereza, ana urefu wa mita 3.5, lakini mwili wake umesukwa kwa henzirani na nyuzi za kaboni, na mtu mmoja huingia ndani yake akamtembeza huku wenzake wakishika mikono. Waliomuunda ni Handspring wa Cape Town. Na Aprili 2025 kundi zima la wanyama wa maboksi na plaiwudi lilianzia safari yake Kinshasa, likielekea kaskazini kabisa ya dunia.

Mpwa wangu alikuja Kigali na picha nyingine kichwani. Amekulia Ohio, na siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween. Huko, tangu mwaka 2020, maduka ya Home Depot yanauza kiunzi cha mifupa cha plastiki chenye urefu wa futi 12, karibu mita 3.7, na watu wanakisimamisha mbele ya nyumba zao kama sisi tunavyopanda maua.

"Mjomba, sisi tutaunda cha kwetu," aliniambia. "Kwa mabomba. Si unakaa Sonatubes?"

Hapo alinipata. Makutano ya Sonatubes yalipata jina kutokana na kiwanda cha mabomba, na maduka ya vifaa vya ujenzi hayako mbali.

Sikumjibu. Jioni nilimchukua tukatembea. Tulifika makutano, nikamwonyesha barabara inayokwenda Kicukiro, Nyanza, na mbele yake Bugesera. Nikamweleza kwamba tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wanajeshi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walipoondoka katika shule ya ufundi ya ETO, hapo Kicukiro, waliwaacha nyuma zaidi ya watu 2,000 waliokuwa wamekimbilia kwao. Watu hao walizuiwa karibu na hapa tuliposimama, wakaswagwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza, na wengi wao wakauawa. Leo Nyanza kuna ukumbusho, na kila Aprili watu hukusanyika. Ukiendelea na barabara hiyohiyo mpaka Nyamata, utaikuta mifupa yenyewe, ndani ya kanisa.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo mifupa, hapana."

"Hapa, hapana."

Sina ugomvi na Halloween. Mapiko, vile vinyago vya ngoma vya Wamakonde, nayo huwatoa watoto mbio, na wazazi wanacheka. Lakini mzaha nao una uzito, na uzito huo hubadilika kulingana na mahali unapoutua. Nami ni mgeni hapa, ingawa wa miaka mingi. Nilikuja na mizaha yangu ya Bukoba, na baadhi yake nimeiacha mlangoni bila mtu kuniambia. Kijana alilielewa hilo kwa jioni moja. Kuna watu wazima nawajua, wana kazi nzuri na magari, bado hawajalielewa.

Tukaamua kuunda korongo mwenye taji, umusambi kama anavyoitwa hapa.

Kiunzi chake ni paipu nyembamba za plastiki, zile za kupitishia nyaya za umeme. Paipu ukiikunja hivihivi inabonyea na kuvunjika. Unaijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili kwa matambara, unaizungusha juu ya jiko la mkaa bila kuigusisha moto, na inapoanza kulegea unaizungushia kwenye sufuria kubwa. Ishikilie mpaka ipoe, kisha mwaga mchanga. Kazi hii ifanyikie nje, harufu yake si ya mchezo.

Viungo hatukuvigundisha hata kimoja. Tulivifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vilivyovutwa kwa nguvu na kurudiwa. Mpwa alitaka gundi, maana gundi inaonekana ya uhakika. Nikamwambia apime kwanza mlango wa nyumba, halafu geti, halafu anieleze mabawa yatapitaje. Nilipokuwa na umri wake nami nilitaka kila nilichofunga kisifunguke tena: urafiki, ahadi, hata hasira. Siku hizi nikifunga jambo nauliza litafunguliwa vipi siku ya kuhama.

Ngozi ilitusumbua zaidi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kwa hiyo ile njia ya mkato ya kuvingirisha nailoni haipo. Tukachukua mifuko ya saruji, tukakung'uta vumbi, tukachambua tabaka za karatasi na kuzibandika kwa uji wa unga wa muhogo. Ikikauka, karatasi hiyo inalia kama ngoma. Mabawa tuliyaacha wazi, tukaning'iniza vitambaa vyepesi alivyotupa fundi cherehani wa jirani, upepo ukapita katikati badala ya kumwangusha ndege. Taji ni kamba ya katani iliyofumuliwa nyuzi moja moja na kuchovywa kwenye maji ya manjano. Mvua za Oktoba zilitulazimisha kumpaka vanishi, na hiyo ndiyo iliyoongeza uzito kuliko vyote.

Tarehe 31 yenyewe watoto wa mtaa walimbeba vipandevipande, wakamuunganisha nje ya geti. Alikuwa mrefu kuliko ukuta, na binti wa miaka kumi aliinua shingo na kichwa kwa mkono mmoja. Wawili waligombania bawa la kushoto mpaka mama mwenye nyumba akaingilia.

Mpwa amerudi Ohio. Korongo yuko chini ya kitanda changu, au alikuwepo hadi juzi, mwalimu wa chekechea alipokuja kumwazima. Jana amenipigia: watoto wanataka twiga, na shingo si ipo tayari? Nimemwambia aniletee paipu mbili na mchanga, asisahau matambara.