Kwa Kinga Katika Barabara Nyeupe za Toscana

Barabara ya mavumbi tunaijua sana kwetu. Wenye kuleta makala mujini wanasukuma kinga zao humo kila siku, na kila mukaaji anangojea siku gudroni itafika mbele ya nyumba yake. Kwa hiyo mutashangaa kusikia kwamba katika inchi ya Italia watu wanatoka mbali na kulipa feza, juu ya kupita na kinga katika barabara isiyo na gudroni. Sababu gani?

Njia yenyewe

Jimbo linaitwa Toscana, katikati ya Italia. Njia inaanzia Gaiole in Chianti, muji mudogo kati ya vilima, inazunguka kilometri 209 na kurudia palepale. Zaidi ya kilometri 100 ni changarawe. Wenyeji wanaziita strade bianche, maana yake barabara nyeupe, kwani udongo na mawe ya kule ni meupe, hapana mekundu kama ya kwetu.

Siku ya safari kubwa watu wanaondoka kungali giza. Mupando wa kwanza unaelekea ngome ya Brolio, kati ya miti mirefu iliyowekewa taa ndogo chini. Ngome hiyo iko na jamaa ya Ricasoli tangu mwaka 1141. Mumoja wao, Bettino Ricasoli, aliyekuwa waziri mukuu wa Italia, aliandika katika mwaka 1872 namna ya kuchanganya zabibu za divai ya Chianti: ile ya sangiovese iwe ya kwanza, zingine zifuate.

Kutoka hapo njia inapita karibu na muji wa Siena, na inashuka katika mabonde ya mito. Mutoni Arbia unakuja kuingia katika Ombrone pale Buonconvento, muji wenye kuta za zamani. Juu ya kilima kuna Montalcino, kunakotoka divai ya Brunello. Hiyo inafanywa na sangiovese peke yake, na sheria inakataza kuiuzisha mbele ya mwezi wa kwanza wa mwaka wa tano kisha mavuno. Mukulima wa kule anapashwa kujua kungoja!

Kisha Asciano inakuja sehemu ngumu, Monte Sante Marie. Ni vilima vya udongo wa mufinyanzi, bila kivuli, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Mvua ikinyesha, udongo unashika magurudumu, na wengi wanashuka na kusukuma. Hapo ata mwenye mali na masikini wanafanana.

Njaa nayo haisahauliwi. Njiani wanapakua ribollita, supu ya maharagi, mboga na mukate wa jana, inayopikwa na kurudiliwa tena katika moto. Kilikuwa chakula cha wakulima ambao hawakutupa kitu.

Barabara zilikaribia kufa

Wakulima hao wengi hawakuwa na udongo wao. Walilima shamba la bwana, na mavuno yaligawanywa: nusu kwake, nusu kwao. Mutindo huo uliitwa mezzadria. Katika mwaka 1964 sheria ilikataza kufanya mapatano mapya ya namna hiyo, lakini watu wengi walikuwa wamekwisha kuhamia miji na viwanda. Nyumba zilibaki wazi. Barabara nyeupe zilionekana kama haya ya zamani, na gudroni ikaanza kuzifunika moja kwa moja.

Basi katika mwaka 1997 mutu mumoja wa Gaiole, Giancarlo Brocci, aliita watu kuja na kinga za zamani, juu ya kuonyesha kwamba barabara zile ziko na bei. Walikuja 92. Leo wanafika maelfu, siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa kumi, na kinga za wakati wa mashindano zinapashwa kuwa za mwaka 1987 ao mbele yake. Safari inaitwa L'Eroica. Tangu mwaka 2007 mabingwa wa kulipwa nao wako na mashindano yao, Strade Bianche, yanayoishia katika kiwanja kikubwa cha Siena.

Nyuma ya kilima kuna mugodi

Sisi wa inchi ya migodi tujue na neno hili. Upande wa pili wa vilima vya Gaiole, katika bonde la Arno, watu walichimba makaa ya udongo kwa miaka mingi. Kijiji cha zamani cha Castelnuovo dei Sabbioni kiliachwa karibu chote juu ya machimbo. Kazi ilikwisha katika mwaka 1994. Leo kuko nyumba ya kumbukumbu ya wachimbaji. Mizabibu ingali inazaa ngambo ile, lakini makaa hayakurudi.

Hatusifu barabara mbaya: mama mwenye uchungu wa kuzaa anahitaji njia nzuri ya kufika hospitali. Lakini vijana, fikirini. Mugodi ukifungwa, kitu gani kitabaki cha kulisha muji? Kule Gaiole walikipata katika kitu ambacho wengi walikionea haya. Mukikaa jioni na wazee, muwaulize barabara ya kwenu ilifunguliwa na nani, na ilibeba nini mbele ya shaba. Muandike majibu yao, yasipotee.