Haya isitucheleweshe kutibiwa

Mwezi wa Rajab mwaka jana tulipokea barua katika ofisi ya msikiti wetu hapa Mabibo. Mwandishi wake alikuwa mwalimu wa madrasa yetu, mama mjane wa miaka 46, ambaye watoto wengi wa mtaa huu wamesoma alifu kwa kijiti mbele yake. Aliomba msaada wa gharama za vipimo. Alieleza bayana kwamba ameona uvimbe katika ziwa la kushoto, kwamba hauumi, na kwamba daktari ametaka achukuliwe kinyama kikapimwe.

Sisi ndio wenye dhamana ya kalamu katika kamati, kwa hiyo tuliiingiza barua ile katika ajenda. Lakini tulipofika kwenye neno lenyewe, tuliona haya. Wajumbe wengi ni wazee wetu, na mmoja wao ni mkwe wetu. Tukaandika: "Ombi la mwalimu, maradhi ya kike." Kikao kikalipitia ombi kwa dakika mbili na kuliahirisha, maana kila mmoja alidhani ni jambo linaloweza kusubiri. Shaaban tulishughulishwa na maandalizi ya futari. Kisha Ramadhani ikaingia.

Katika Shawwal mwalimu alikuja ofisini mwenyewe. Hakulalamika. Alisema tu: "Mwanangu Katibu, ule uvimbe sasa umefika kwapani."

Siku ile ile tuliisoma barua yake yote mbele ya wajumbe, neno kwa neno. Fedha zilipatikana kabla ya Magharibi. Majibu ya kinyama yakaonyesha saratani ya matiti, hatua ya tatu.

Tangu hapo tumelazimika kujifunza tuliyostahili kuyajua mapema. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na maradhi haya, na watu wapatao 670,000 walikufa kwayo. Wanaume nao huyapata, ingawa kwa uchache sana. Hatari huongezeka kwa umri, kwa kuwa na mama au dada aliyeugua, kwa unene uliopindukia baada ya hedhi kukoma, kwa kukaa bila kuushughulisha mwili, na kwa pombe, ambayo Allah (SW) ametuharamishia.

Mwalimu wetu alikuwa amejituliza kwa jambo moja: amenyonyesha watoto watano, kila mmoja miaka miwili kamili kama Qur'an inavyoelekeza. Ni kweli kunyonyesha kuna kinga. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4. Lakini kupunguza hatari si kuiondoa. Aliyenyonyesha naye akiona uvimbe, na apime.

Utafiti mwingine uliwafuatilia wagonjwa wa saratani ya matiti katika nchi 5 za Afrika, ikiwamo jirani yetu Uganda. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa miaka 3 baada ya kugunduliwa, takriban nusu tu ya wanawake hao walikuwa hai. Watafiti walikadiria kuwa baina ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeweza kuepukwa kwa kugundua mapema na kutibu vizuri zaidi. Tuliposoma tarakimu hizo tuliikumbuka miezi yetu mitatu.

Ajali na qadari vimo mikononi mwa Allah, na hatusemi kuwa kalamu yetu ndiyo iliyomuumiza mwalimu. Tunasema tulipewa amana tukaichelewesha, na hilo tutaulizwa. Haya ni katika imani, lakini Bibi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Mtume (SAW) ametuamrisha kujitibu, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa, hema la kumuuguza lilisimamishwa ndani ya msikiti wa Mtume. Iweje basi msikiti wetu uone uzito hata kulitaja jina la ugonjwa?

Tulichokifuata ni mfano wa Sudan. Katika jimbo la Gezira, kati ya 2010 na 2012, wanawake wa vijijini waliojitolea walifunzwa kutambua dalili, wakawakagua wenzao 10,309. Waliokutwa na kasoro walikuwa 138, na 118 kati yao walifika hospitali. Wanawake 101 hawakuwa na saratani. Waliokuwa nayo walikuwa 17, na kwa 8 kati yao ilikuwa bado haijavuka mahali ilipoanzia. Basi uvimbe mwingi si saratani, na mwanamke jirani aliyefunzwa anaweza kumfikisha mwenzake kwa daktari kwa wakati.

Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Alasiri, muuguzi wa kike huketi na mama zetu katika sehemu ya wanawake. Huwafundisha dalili: uvimbe hata usiouma, ngozi kuvutika kwa ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ghafla au kutoa damu, na tezi za kwapani kuvimba. Mwenye dalili huenda hospitali wiki ile ile. Dua na kombe vina nafasi yake, lakini visichukue nafasi ya kipimo. Na sisi wanaume tumeambiwa kazi yetu: tutoe nauli, tubaki na watoto, tusiulize "kwani kuna haraka gani?"

Mwalimu wetu alipewa dawa za kemikali za mshipani, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa ziwa, kisha mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kipimo cha kinyama kilionyesha kuwa uvimbe wake hustawishwa na homoni, hivyo sasa anameza kidonge kila siku, na atakimeza kwa miaka. Amerudi darasani siku tatu kwa wiki. Hali yake ya mbele anaijua Mola wake.

Kikao kilichopita tuliomba ruhusa ya kusahihisha kumbukumbu za Rajab. Wajumbe waliridhia. Tulikata maneno yale kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: saratani ya matiti. Mzee mkwe wetu ndiye aliyetia saini ya kwanza.

Allah amponye mwalimu wetu na wagonjwa wote wa Kiislamu, na atusamehe tulipochelewa. Amin.