Chini ya Sifuri

Kapasita ya kwanza ilipasuka saa nne usiku, nikiwa peke yangu maabara. Mlio haukunisumbua sana, wala ile harufu ambayo haikutoka puani hadi asubuhi. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeiunganisha kama nilivyofundishwa: mguu wa hasi kwenye ardhi. Miaka minne ya shahada ya kwanza na mmoja wa uzamili, na karibu kila kapasita ya aina ile niliyowahi kuilehemu ilikaa hivyo.

Nilikuwa natengeneza kifaa cha kupima umeme wa moyo. Wazo lilianza na mama. Alitoka Korogwe kwa basi kwenda kupimwa kwenye hospitali moja, kwa nauli aliyokopa kwenye kikoba chao, akaambiwa mashine ni mbovu, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ilimaanisha nauli nyingine. Alirudi nyumbani bila kupimwa, akiwa na deni. (Baadaye alipimwa kwingine, akapewa dawa za presha. Yuko salama.) Mimi nikaandika pendekezo la utafiti: kifaa cha bei ndogo, kinachotumia betri moja ya volti 12, kwa sababu zahanati nyingi za vijijini betri ya sola wanayo.

Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni kama milivolti 1 tu, na haukai upande mmoja. Hupanda juu ya sifuri, hushuka chini yake, hupanda tena. Mshuko ule si pambo. Daktari akiona wimbi limezama kwa kina na upana fulani kabla ya kilele, anaweza kushuku kwamba sehemu ya msuli wa moyo iliwahi kufa. Sasa, amplifaya unayoilisha volti 0 hadi 12 haiwezi kutoa kitu kilicho chini ya 0. Nilijibandika elektrodi kifuani nikawasha. Kwenye skrini kilele kilikuwa kizuri, kirefu, halafu pale wimbi lilipopaswa kuzama palikuwa na mstari mnyoofu, kama umekatwa kwa mkasi. Nilikuwa naona nusu ya moyo wangu.

Ningeweza kuinua sifuri hadi nusu ya betri. Wengi hufanya hivyo na hawana kosa. Nilikataa kwa ubishi tu. Nilitaka sifuri ibaki sifuri, na hasi iwe hasi ya kweli, iliyotoka kwenye betri ileile.

Na inawezekana. Unahitaji chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, ambayo hadi leo bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Kazi yake hapa ni kupandisha na kushusha waya mmoja maelfu ya mara kwa sekunde. Waya huo unaushika mguu wa kushoto wa kapasita. Ukipanda hadi kama volti 11, mguu wa kulia unapitia dayodi na kutulia karibu na ardhi, kapasita inajaa. Kisha chipu inauangusha mguu wa kushoto hadi sifuri, ghafla. Kapasita haiwezi kupoteza tofauti yake mara moja, kwa hiyo mguu wa kulia, uliokuwa sakafuni, unasukumwa shimoni. Wafikirie watoto wawili kwenye ngazi walioshika ncha mbili za fimbo moja: wa juu akishushwa hadi sakafuni, wa chini atatafuta pa kwenda. Dayodi ya pili inakichota kilichopatikana huko chini na kukihifadhi kwenye kapasita ya pili.

Ni hiyo ya pili iliyopasuka. Ya pili ikapasuka pia siku iliyofuata.

Nikaipeleka saketi Kariakoo, kwa fundi redio ninayenunua kwake vipuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umeunguza nini?"

Aliinamisha taa, akatazama kwa muda usiozidi wa kupiga chafya. "Mwanangu, hapa ardhi yako ndiyo iko juu."

Sikujibu. Alikuwa sahihi kiasi cha kuudhi. Kama upande mmoja wa kapasita uko hasi 9 na mwingine uko ardhini, basi ardhi ndiyo chanya, na mguu wa chanya ndio unaopaswa kukaa pale. Nilikuwa najua kukokotoa haya yote. Nilishafaulu mtihani wake. Lakini mikono yangu iliamini kwamba ardhi ni mwisho wa mambo, kwamba waya mweusi hauna cha chini yake.

Ajabu ni kwamba majina yenyewe ni ya kubahatisha. Benjamin Franklin ndiye aliyeita chanya na hasi, katika karne ya 18, na elektroni zilipogunduliwa mwaka 1897 ikaonekana zinatembea kinyume na alivyodhani. Muda mrefu kabla yake, mwaka 628, Brahmagupta wa India aliandika kanuni za namba zilizo chini ya sifuri, akaziita madeni. Mama, mwenye daftari la kikoba, hajawahi kuhitaji kuelezwa hilo.

Niligeuza kapasita. Mita ikasoma hasi 9.6. Nikajibandika elektrodi, na safari hii wimbi lilipanda, likavuka mstari, likazama, likarudi. Juu yake kulikuwa na miiba midogomidogo, kelele ya ile 555 inayopiga bila kupumzika. Bado sijaiondoa yote.

Jioni nikampigia mama.

"Hiyo hasi umeitoa wapi?"

"Kwenye betri hiyohiyo, mama. Ya pikipiki."

Akanyamaza kidogo.

"Haya. Mimi kwenye kikoba nimebakiza elfu ishirini."