Kabla Hakijaponyoka

Samaki mbichi ukimbana sana anapondeka. Ukimlegeza, huyo chini. Ndiyo taabu ya mkono wa roboti.

Mwaka 1984, huko Umeå, Uswidi, Johansson na Westling waliwatia watu ganzi vidoleni. Nguvu walibaki nazo. Walichopoteza ni kurekebisha mkazo kulingana na utelezi. Maana kitu laini huanza kuteleza pembezoni mwa mguso, katikati pakiwa bado pameshika. Ndiyo sababu wahandisi wengine huweka kamera nyuma ya ngozi ya jeli, iangalie pembezoni hapo.

Mama yangu, kisukari kimemwibia hisia za vidole. Nyanya zinampasukia, vikombe vilivyolowa vinamponyoka. Nasoma habari za roboti nikimwaza yeye: nguvu anazo, ila kila kitu anashika kwa kubahatisha.