Giza, Mbalamwezi na Siku ya Mahafali

Mahafali, kwa maana inayotumika katika shule za Tanzania, ni sherehe ya kuwaaga wanafunzi wanaomaliza ngazi fulani ya masomo, na kwa kawaida huunganisha mambo matatu: risala ya wahitimu, yaani maelezo yanayosomwa mbele ya mgeni rasmi kuhusu mafanikio na changamoto za shule, utoaji wa vyeti na zawadi, na burudani. Sherehe hii hufanyika wakati matokeo ya mtihani wa taifa hayajatoka, kwa hiyo wote waliokaa chini ya turubai, kuanzia mgeni rasmi hadi mtoto wa mwisho, hawajui bado nani amefaulu. Kwa mwalimu anayesimuliwa katika tawasifu hii, ambaye ndiye mwandishi wake, na ambaye alifundisha shule za msingi za ufukweni mwa Ziwa Victoria mkoani Mwanza tangu mwaka 1983 hadi alipostaafu mwaka 2019, swali la maisha yake yote ya kazi lilitokana na jambo hilo: siku ile shule inasherehekea nini hasa?

Mwalimu huyu alipata mafunzo yake katika Chuo cha Ualimu Butimba, jijini Mwanza, chuo kinachojulikana nchini kwa kuwaandaa walimu wa michezo, muziki na sanaa, na akaanza kazi miaka michache baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, maarufu kwa jina la UPE, uliotekelezwa kuanzia mwaka 1977 kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974. Mpango huo uliwaingiza watoto wengi mno darasani, lakini nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na ndiyo sababu maneno mawili, kufaulu na kuchaguliwa, yalichanganywa katika mazungumzo ya kila siku. Kufaulu ni kufikia alama inayotakiwa. Kuchaguliwa ni kupata nafasi katika shule ya sekondari. Mtoto aliweza kufaulu asichaguliwe, naye alirudi nyumbani akihesabiwa kuwa ameshindwa.

Katika miaka yake ya mwanzo mwalimu alishiriki kosa hilo bila kulitambua. Majina ya waliochaguliwa yalipofika, yeye ndiye aliyeyasoma kwa sauti mbele ya mstari wa asubuhi: majina mawili au matatu kutoka darasa zima, kisha makofi, kisha kimya. Waliobaki waliingia darasani kuchukua mabegi yao. Alichukua muda mrefu kuelewa kwamba kimya kile kilikuwa sehemu ya mafunzo ya shule, na kwamba wadogo zao waliosimama mstarini walikuwa wakijifunza kutokana nacho.

Ufahamu ulianza kumjia kupitia daftari la mahudhurio. Katika shule iliyojengwa juu ya mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kupakuliwa, aliona kwamba alama za utoro hazikutawanyika ovyo, bali zilijaa kwa wiki mbili hivi, zikapungua, kisha zikajaa tena, kama mawimbi. Mzee mmoja wa mwaloni alipoonyeshwa kurasa hizo hakuhitaji kuzitazama mara mbili, akamwambia mwalimu aache kalenda ya ukutani atazame juu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati mwezi haujaangaza, kwa sababu ndipo mwanga wa karabai, zile taa za mafuta za mgandamizo ambazo siku hizi nafasi yake inachukuliwa na taa za umeme wa jua, unapowavuta kuja juu ya maji. Mbalamwezi ikiangaza, taa hazina nguvu, nao wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Katika kipindi cha giza, kwa hiyo, wavulana wakubwa walikesha ziwani au walipokea mitumbwi alfajiri, na wasichana waliwasaidia mama zao kuanika dagaa kabla jua halijapanda. Watoto aliowaandika watoro walikuwa kazini.

Tangu hapo mwalimu, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkuu, aliishawishi kamati ya shule, yaani chombo cha wazazi na walimu kinachosimamia maendeleo ya shule ya msingi, ipange mikutano ya wazazi na siku ya mahafali katika majuma ya mbalamwezi. Mabadiliko hayo madogo yaliwaleta akina baba ambao kwa miaka mingi walidhaniwa kuwa hawajali elimu. Jambo la pili lilikuwa tuzo mpya, iliyotolewa kabla ya tuzo za masomo, kwa mwanafunzi aliyehudhuria siku nyingi zaidi katika vipindi vya giza. Zawadi yenyewe ilikuwa kaunta buku, mkebe wa hisabati na sabuni mche mmoja. Mwaka wa kwanza ilikwenda kwa msichana ambaye katika masomo alikuwa wa kati tu. Mama yake alitoka mbele akiwa na magamba ya dagaa yaliyokauka hadi kwenye viwiko, akaipokea ile kaunta buku kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto, na wanawake wa mwaloni, ambao walijua ni alfajiri ngapi alizoanika peke yake ili binti aende shule, walipiga vigelegele ambavyo hakuna mtoto wa kwanza kimasomo aliyewahi kupigiwa.

Burudani nayo ilibeba maana hiyohiyo. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, na katika mashindano yao makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi kuja upande wake. Wanafunzi waliocheza bugobogobo, ngoma ya wakulima inayochezwa majembe yakiwa mikononi, walihukumiwa kwa utaratibu huo, na mwalimu alijifunza hapo kwamba jamii ina mizani yake ya kupima ubora, mizani ambayo mtihani wa karatasi hauwezi kuwa nayo.

Shule iliyozoea kukusanyika kwa furaha hujua pia kukusanyika kwa msiba. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha, sufuria, mikeka na maturubai yaliyokuwa yakitumika kwenye mahafali yalitoka stoo yakaenda kwenye matanga, yakibebwa na watu walewale. Miaka kumi baadaye, serikali ilipohimiza kila kata iwe na sekondari yake, watu hao walibeba mawe, ambayo Mwanza haijawahi kuyakosa, na wanawake wakaponda kokoto, ili tofauti ya kufaulu na kuchaguliwa iliyowaumiza kaka na dada zao ipungue.

Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza kuacha utaratibu wa kutaja shule na watahiniwa bora kitaifa, kwa hoja kwamba utaratibu ule uliishia kuzitangaza baadhi ya shule kibiashara. Wapo waliosikitika wakisema kwamba mtoto hodari ananyimwa sifa yake. Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, haungi mkono kunyamaza, kwa kuwa juhudi isiyosifiwa hufifia. Anachoshikilia ni kwamba sifa yenye afya hutolewa na watu wanaoijua gharama ya juhudi hiyo. Orodha ya taifa haikuweza kujua nani alisoma usiku huku mitumbwi ikimsubiri, lakini mwalo ulijua.

Mahafali yake ya mwisho yalifanyika Septemba 2019, katika juma la mbalamwezi, siku chache baada ya mtihani wa darasa la saba. Hakuna aliyejua matokeo. Mwalimu aliyasoma majina yote ya wahitimu, kila jina likifuatiwa na jambo moja ambalo mwanafunzi huyo aliifanyia shule: aliyemwagilia miti, aliyewafundisha wadogo kuogelea, aliyempeleka mwenzake mgonjwa zahanati. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, jua likazama, na usomaji ukaendelea kwa mwanga wa mwezi hadi jina la mwisho, na hapakuwa na kimya baada ya jina lolote.